Kaseti ya Kabatini

Mume wangu Augustino alikuwa na kaseti moja ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikaa kabatini nyuma ya kioo, katikati ya glasi zetu za harusi, bado imevaa nailoni yake kama siku iliyotoka kiwandani. Nikitaka kufuta vumbi, yeye mwenyewe aliinyanyua, akaishika mpaka nimalize, kisha akairudisha palepale. Mwanzoni niliona kichekesho. Siku hizi nikikumbuka naumia.

Alipewa na msimamizi wake Ujerumani Mashariki siku ya kuagana. Shirika lake lilimpeleka kule akajifunze kutengeneza utepe wa kurekodia, maana kilikuwepo kiwanda kwenye makaratasi, na kiwanda hicho kilikuwa kije Dar es Salaam. Akasoma, akarudi na koti zito lisilo na kazi Kariakoo. Kiwanda hakikuja. Kila mwaka waliambiwa mwakani, na mwishowe akapangiwa kiwanda cha rangi Barabara ya Pugu, kukoroga rangi za milango ya watu.

"Rangi na utepe ni ndugu wa tumbo moja," alikuwa akiniambia, nadhani kujifariji. "Unga, gundi, thina. Tofauti ni kwamba rangi unapaka ukutani, na utepe unapaka kwenye plastiki nyembamba kuliko ganda la kitunguu."

Alipokuwa kule ndipo baba yake alipofariki. Ulikuwa mwaka ule watu wa kwao, upande wa Nachingwea, walipohamishwa mashambani kwenda kukaa kwenye vijiji vipya vya ujamaa. Mzee alizikwa harakaharaka kwenye makazi ya zamani, Nang'ondo, na kabla udongo haujakauka nyumba zikabomolewa, watu wakabeba masufuria yao wakaondoka. Barua ilimfikia Augustino msiba umeshapoa. Kaka yake Eliasi, kuli wa bandarini, naye alifika tanga limeshaanuliwa na kijiji kimeshahama. Aliyejua kaburi lilipo ni mama yao, Bi Mektilda. Kila kiangazi alirudi kule porini kwa miguu, akafyeka, akafagia, akakaa na mumewe kidogo, kisha akarudi kijijini.

Mwaka wa themanini na mbili, sikukuu ya Noeli ilipopita, Bi Mektilda aliletwa Dar kutibiwa kikohozi. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwa Bi Sabaha, Mtaa wa Narung'ombe. Daktari alimwita Augustino pembeni, na Augustino alirudi nyumbani akitabasamu sana, kama wanaume wanavyofanya wakidhani wanaficha jambo. Mama alimtazama tu.

"Acha kunionyesha meno, Augustino," alisema. "Mimi kwetu sirudi, najua. Kamwite kaka yako."

Eliasi alikuja kutoka Magomeni, akakaa kwenye kigoda. Mama akawaambia wanawe wawili anachotaka. Kifo kikimkuta wakati wa masika, wasihangaike na maiti yake, kwa kuwa mto Rufiji ukifurika hakuna gari linalovuka kwenda Kusini. Wamzike hapahapa mjini. Lakini barabara ikifunguka wachote udongo wa kaburi lake, waupeleke Nang'ondo, wauweke kwenye kaburi la baba yao.

"Nimeishi naye toka sijaota meno ya utu uzima," alisema. "Sitaki kulala peke yangu mjini, nasikiliza honi za magari. Na ninyi wawili hamjui alipo. Nitawaelekeza."

"Tuelekeze basi, mama," akasema Eliasi.

Augustino akainua mkono. "Ngoja. Kichwa cha mtu husahau. Nitamrekodi."

Nilifurahi kweli. Nikainuka nikaenda kabatini, nikaweka kidole kwenye kioo. "Hii hapa. Ifungue sasa hivi, redio kaseti ninayo."

"Hiyo ni mfano, mama Candida."

"Mfano wa nini?"

"Kiwanda kikifunguliwa tutaiweka kando ya ile yetu ya kwanza, watu walinganishe." Aliona aibu kidogo, lakini akaendelea. "Mama nitamrekodi kwenye utepe wangu. Nitautengeneza."

Mnisamehe kwa hasira, lakini mwaka huo sabuni tulipanga foleni, sukari tulisikia harufu yake kwa jirani. Kaseti mpya madukani hazikuwepo kabisa. Na huyu mtu anayo moja ndani, nzima, halafu anataka kutengeneza yake! Nilimwambia hayo yote, na mengine sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba alikufa mimi nikiwa najifunza kazi hii. Mama hajawahi kuiona. Anadhani nilikwenda kutembea."

Nikaondoa kidole kwenye kioo.

Basi tukaanza. Kwenye mapipa ya mitaa ya Kongo na Sikukuu aliokota kaseti mbovu, zilizoliwa na redio au kuota ukungu. Alitoa utepe wake, akauosha kwa thina mpaka ule weusi wote ukatoka na kubaki plastiki tupu inayong'aa, unaona vidole upande wa pili. Unga alipewa kazini, mabaki ya ghala, unga mweusi wa chuma wanaotilia kwenye rangi za mageti. Ukiusogezea sumaku unaruka na kusimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Lakini ukiwa mweusi hivyo hautulii, alisema. Lazima uukaange taratibu mpaka uwe kahawia. Moto ukizidi unageuka mwekundu, na mwekundu huo ni kutu ya kawaida, sumaku haiujui tena.

Kukaanga ni kazi ya anayejua kukaanga, kwa hiyo nikaitwa mimi. Nilikaa uani na kikaango juu ya jiko la mkaa, nageuza kwa mwiko kama nageuza kahawa. Augustino alichuchumaa kando na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa, anachota kidogo, anapima. "Bado. Bado. Haya epua, epua!" Kikaango cha kwanza kiliungua. Cha pili kikatoka kahawia laini, na alivyofurahi ungedhani amepata mtoto wa kiume.

Bi Mektilda alikuwa ameegemea mlango wa jiko, shuka mabegani. Alichungulia kikaango, akachukua unga kidogo kwa vidole viwili kama anataka kuunusa.

"Kumbe Ulaya ulikwenda kusomea ugoro!" alisema. "Si ungeniambia, mwanangu, ningekufundisha hapa nyumbani, bure."

Sote tulicheka, na Bi Sabaha mwenye nyumba akacheka mpaka akakaa chini. Mama naye alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo.

Unga ukatiwa kwenye kopo pamoja na vanishi, thina na gololi za baiskeli, kopo likafungwa kwenye gurudumu la cherehani yangu, nami nikakanyaga pedali kutwa nzima bila kushona hata kitambaa. Gololi zilikuwa zinausaga unga ndani ya vanishi mpaka kila chembe ivae vanishi. Alitia pia mafuta ya nyonyo kidogo ili vanishi ikikauka isivunjike. Nilimuuliza kama na Wajerumani wanatumia mafuta ya nyonyo. Akasema wao wana gundi yao, inakuja kwa mapipa, inashika hata kwenye joto na unyevu. Hapa haipatikani. "Vanishi itatosha," akasema. Nilimwamini. Fundi akisema itatosha, wewe mkaanga kahawa utabisha nini?

Kupaka ndiko kulikomtoa jasho. Alifunga madirisha ya chumba kwa shuka zenye maji, vumbi lisiingie. Plastiki ilitoka kwenye kibiringo kimoja cha uzi kwenda kingine, ikipita chini ya kikombe chenye mpasuko, na pale kwenye mpasuko alibana nyembe mbili zinazokwangua mchanganyiko ubaki utando tu. Ingali mbichi, ilipita juu ya sumaku ili chembe zilale upande mmoja, kama nywele zinavyolazwa na kitana. Kisha ikaingia kwenye kisanduku chenye taa ya umeme ikauke, na mwisho ikabanwa kati ya vyuma viwili laini, aliita kuipiga pasi. Umeme ukikatika, pale ilipokuwa panabaki kovu. Umeme ulikuwa ukikatika sana. Alikata makovu, akaunga, akaanza upya, macho yamekuwa mekundu kwa mvuke wa thina, na mimi na mwanetu Candida tukalala kwa Bi Sabaha kwa sababu chumba kilikuwa kinalevya.

Mama hakutoka mlangoni. Siku zile alizokuwa na nguvu aliketi kwenye mkeka akimtazama mwanawe anavyovuta utepe ule pole pole, akiuangalia kwenye mwanga. Hakuelewa lolote, lakini siku moja aliniambia, "Baba yake alikuwa hivyohivyo kwenye kusuka mitego ya samaki. Ukimsemesha hasikii." Najua Augustino alisikia. Mabega yake yalishuka.

Tukamrekodi Jumapili baada ya misa. Mama alikalishwa kitandani na mito, redio kaseti mezani, Eliasi mlangoni, mimi naingia na kutoka na uji. Augustino akabonyeza.

"Nianze?" akasema mama. "Augustino, usinikodolee macho kama bundi. Haya. Mimi ni Mektilda, mke wa Bakili, na nina wana wawili wasiojua baba yao amelazwa wapi. Na huyu mmoja anachoma ugoro." Akacheka, akakohoa. Muuza mafuta ya taa akapita dirishani akipiga kengele ya baiskeli, na mama akamfokea apite haraka. Halafu akaanza kueleza. Alisema kuhusu kisima, kuhusu mkwaju, kuhusu mawe na nani alalaye wapi. Alieleza kwa utulivu, muda mrefu, kama mtu anayempitisha mgeni ndani ya nyumba yake, chumba kwa chumba.

Nilikuwa na uji mkononi nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinama, sikio karibu na redio, macho kwenye lile dirisha dogo la kaseti ambamo magurudumu yanazunguka. Hakuwa akimtazama mama yake.

Tulipourudisha na kuusikiliza, sauti ilitoka. Ilikuwa na mchachato kama mafuta yanayokaanga kwa mbali, lakini ilikuwa yeye, na kikohozi chake, na kengele ya baiskeli. Eliasi alipiga makofi. Mama aliziba mdomo kwa shuka. "Huyo bibi ana sauti mbaya hivyo?" akauliza. Kisha akamvuta Augustino kichwa, akakiweka kifuani kwake, mtu mzima yule. "Sasa nimeona ulichokwenda kufanya," alimwambia. Augustino alilia bila kujificha.

Jioni tukiwa wawili alikuwa bado anawaka. "Uliisikia ile sauti ya s, mama Candida? Ilivyokata? Kule kwenye mafunzo tulihangaika miezi na sauti ya s."

"Nimeisikia. Hivi mama alisema ukishapita mkwaju unashika upande gani?"

Akaonyesha kaseti kwa kidevu. "Si yamo humo."

Mama alifariki masika yakiwa yameanza. Tulimzika Kinondoni kwenye mvua, na Augustino alichota udongo wa juu ya kaburi, akaujaza kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunika vizuri.

Mnajua matanga yalivyo. Mtu hapewi pole akaondoka. Kila anayeingia anakaa mkekani, analia, anajifuta, kisha anauliza, "Ilikuwaje?" na mfiwa anaanza upya toka mwanzo, hata kama amekwisha simulia tangu alfajiri na sauti imemkauka. Ukikataa kumsimulia umemfukuza. Watu wetu wa Kusini walikuja kutoka Temeke, Ilala, Mbagala, wengine kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Wa kwanza alipouliza ilikuwaje, Eliasi akasema, "Msikie mwenyewe," na Augustino akawasha redio.

Basi ikawa hivyo. Kila kundi likifika, mama anazungumza. Watu wanacheka kwenye ugoro, wanalia kwenye kikohozi, wanaitana waje wasikie. Eliasi hakuchoka kuwaambia wageni, "Hii kaseti haikutoka Ulaya, imetengenezwa Narung'ombe, na mdogo wangu. Kujitegemea ndiyo huku!" Wazee walimshika Augustino mkono. Wapo waliorudi kesho yake na wake zao. Nami nilikuwa jikoni na masufuria, namsikia mama mkwe wangu akianza na kumaliza, akianza na kumaliza, mpaka kicheko chake nikakijua kama wimbo.

Siku ya tatu nne hivi redio ikaanza kupiga kelele, mlio mwembamba kama bawaba kavu. Augustino akaingia nayo chumbani, nami nikamfuata. Alifungua mlango wa kaseti, akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta kile kichwa kinachosoma utepe. Pamba ikatoka kahawia. Akachukua nyingine, nayo ikatoka kahawia.

"Ule si unga wetu?" nikauliza.

Akagusa utepe kwa ncha ya kidole, na kidole kikanata.

"Unyevu," alisema. "Vanishi inakunywa unyevu. Inalainika."

"Basi izime. Usiwashe tena mpaka jua litoke."

"Kuna mzee ametoka Mbagala kwa miguu na mvua hii. Nimwambie nini? Kwamba wenzake wamesikia, yeye asisikie?"

"Mwambie ukweli. Mwambie utepe unabanduka."

Akanitazama kama nimemtukana. Kule nje Eliasi alikuwa anawaeleza watu habari za kujitegemea, tulimsikia wote wawili.

"Au nenda Msimbazi sasa hivi," nikasema, "yule wa kunakili nyimbo ana redio mbili. Chukua ile ya kabatini, ahamishie humo yote. Haichukui hata saa nzima."

"Nihamishie kwenye ya Wajerumani?"

"Augustino! Ni mama yako!"

"Ikipita arobaini," akasema. "Watu wakiisha. Nitaikausha, nitaihamisha. Nakuahidi." Akaipuliza kaseti kwa mdomo, akatoka nayo, akaiwasha.

Ningemnyang'anya? Mbele ya msiba, mbele ya kaka yake? Nimejiuliza hilo miaka mingi nikiosha vyombo. Majirani wangesema mke amemnyima mfiwa sauti ya mama. Nilirudi jikoni na hasira zangu.

Siku ya arobaini ukoo wote ulijaa uani chini ya turubai, mvua inapiga. Eliasi alikuwa ameomba watu wasikilize sasa kwa makini, kwa kuwa barabara ikikauka safari ya Nang'ondo ndiyo hiyo. Augustino akabonyeza. Mama akasema, "Nianze? Augustino, usini..." Sauti ikazama. Ikarudi kidogo, kengele ya baiskeli, nusu ya kicheko. Utepe ulikuwa umeshikana, tabaka na tabaka, na kila gurudumu lilipozunguka lilibandua. Kwenye dirisha dogo la kaseti niliona kile nilichokiona siku ya thina, plastiki tupu, inapita, inang'aa, hata kitambaa cha meza kikaonekana upande wa pili. Chini ya redio kukadondoka vumbi kahawia. Bi Sabaha alikuwa karibu, akaligusa kwa kidole. "Ugoro," akasema taratibu, akaanza kulia.

Augustino hakuizima. Aliiacha ikaenda mpaka mwisho, ikakata yenyewe, tak. Watu waliendelea kukaa wakidhani labda kuna upande wa pili.

Barabara ilifunguka mwezi wa saba. Ndugu wawili wakapanda basi la Lindi na kopo lao la udongo. Kabla hawajaondoka waliwauliza waliokuja matangani, mmoja mmoja, na kila mtu alikubali kwamba amesikia vizuri kabisa. Walikumbuka mkwaju. Walikumbuka kisima. Kushoto ama kulia, mawe meupe ama meusi, hakuna aliyejua. Mtu hajisumbui kukariri kitu kilichohifadhiwa.

Walirudi wiki ya pili. Augustino aliingia, akaweka kopo mezani. Nililinyanyua nikitaka kulisuuza. Lilikuwa zito kama lilivyoondoka.

Eliasi ndiye aliyenisimulia. Nang'ondo ilikuwa msitu, na tangu mama augue hakuna aliyefyeka. Kisima kilikuwa kimetitia, moto wa porini ulikuwa umepita juu ya makaburi miaka yote, vijiti vya alama vimeungua, vigae vimepasuka. Mikwaju ilikuwepo, na visiki vya mikwaju pia, na Augustino akasema anahisi mama alitaja uliokatwa. Waliochimba kaburi, mmoja alikuwa amekufa, mwingine amehamia kusikojulikana. Walizunguka kutwa mbili na panga. Mwishowe Eliasi akasema waumwage tu katikati, Mungu anajua.

"Akanikatalia," alisema Eliasi. "Akalikumbatia lile kopo. Ananiambia, 'Kaka, nisije nikamlaza mama kwa mume wa mtu.'"

Tulicheka mimi na shemeji yangu, maana mama mwenyewe angecheka. Halafu tukashindwa kutazamana.

Jumapili iliyofuata Augustino aliwaita watu wachache, Eliasi, Bi Sabaha, wazee wawili wa Mbagala. Walipokwisha kukaa alikwenda kabatini, akatoa kaseti yake, akaichana nailoni. Ule mlio mdogo wa nailoni sitausahau. Akaiweka kwenye redio, akasema kila mtu aseme anachokumbuka, chochote, huenda vipande vikiungana vikatupa njia.

Walisema. Mzee mmoja aliigiza mama akimfokea muuza mafuta. Bi Sabaha alisema ya ugoro, kwa sauti yake hasa. Mimi nilisema ya bundi. Eliasi alisema ya wana wawili wasiojua baba yao amelazwa wapi, akakwama hapo. Zamu ikamfikia Augustino. Alikaa muda mrefu, magurudumu yanazunguka.

"Mimi nilikuwa nasikiliza utepe," alisema. "Sikumsikiliza mama."

Watu walipoondoka tuliirudisha tukaisikiliza wawili. Utepe wa Wajerumani ni mzuri, siwezi kusema uongo. Hakuna mchachato, hakuna kutetemeka. Kila s ilikata. Na palipokuwa na kimya chake kabla hajasema, ulimsikia hata anavyopumua.

Alitoa kaseti akampa Candida aichezee. Halafu alichukua kopo la udongo, akalifuta kwa kiganja, akafungua kabati na kuliweka pale ilipokuwa kaseti, katikati ya glasi za harusi.

"Nitakwenda tena kiangazi," alisema.

Vimepita viangazi vingi. Kiwanda hakikuja, na Augustino mwenyewe sasa anatembea kwa fimbo. Siku za kufuta vumbi bado analinyanyua kopo yeye mwenyewe, analishika mpaka nimalize, kisha ananiuliza kama kweli sikumbuki mama alisema ni kushoto au kulia. Namwambia sikumbuki, baba Candida. Naye analirudisha palepale.